Barua ya wazi: Kaburi mlilolionyesha ni la Kurmangazy, na muziki wake haukuzikwa naye

Kwa: Mkurugenzi wa Vipindi, pamoja na Wahariri wote waliopitisha kipindi

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA KIPINDI CHENU KUHUSU MAKABURI YA WANAMUZIKI WA KAZAKHSTAN

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima. Barua hii ningependa ibaki kati yetu, na nilianza hivyo. Niliwaandikia barua pepe, nikapiga simu mapokezi, nikahakikishiwa kwamba ujumbe umewafikia wahusika. Baada ya hapo, kimya. Katikati ya kimya hicho kipindi kikarushwa tena, kisha nikasikia kwamba walimu wenzangu wanakionyesha darasani kama somo la muziki wa mataifa mengine. Mwanafunzi akishanakili kosa kwenye daftari, litakaa naye miaka. Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani.

Jina la kituo chenu sikuliweka humu. Ninachotaka ni masahihisho, na wanaohusika wanajijua.

Mimi ni mwalimu wa muziki. Nilisoma Almaty, na huko ndiko nilikojifunza kupiga dombra, ala ya Wakazaki yenye nyuzi mbili, kwa mwalimu aliyekuwa akikaa mbele yangu goti kwa goti na kunishika vidole kila nilipokosea. Hakuniandikia noti hata moja. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwamba runinga ya Kiswahili inakwenda kuonyesha makaburi ya wanamuziki wa nyika za Asia ya Kati, nilifurahi sana, nikawaita na watoto waje kutazama. Mlifanya jambo ambalo vituo vingi havithubutu: mliwapeleka watazamaji mbali, kwenye nchi ambayo kwetu hutajwa tu kwa mafuta na roketi. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Yaliyonisikitisha ni haya yafuatayo, na nayaeleza moja moja ili pasiwe na kisingizio cha kutoelewana.

1. Mmeonyesha kaburi la mtu mmoja, mkalisomea jina la mwingine.

Mwanzoni kabisa mwa kipindi kamera inalizunguka jengo la kaburi, na msimulizi anasema kwamba hapa, katika ardhi ya Kazakhstan, amelala Korkyt, baba wa muziki wa nyika. Jengo lile ni la Kurmangazy Sagyrbaiuly. Halipo Kazakhstan. Liko katika kijiji cha Altynzhar, wilaya ya Volodarsky, mkoa wa Astrakhan, ndani ya Urusi, kule mto Volga unakogawanyika vijito kabla ya kuingia bahari ya Kaspi. Lilifunguliwa mwaka 1996. Nimesimama mbele yake, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza mtu.

Mnaweza kusema ni kosa la picha tu. Mimi naona mmeipoteza habari nzito kuliko zote mlizokuwa nazo. Kurmangazy ni mtunzi anayeheshimiwa na Wakazaki kuliko karibu wapigaji wote wa dombra. Tarehe zake hutofautiana vitabuni: vingine husema alizaliwa 1818 na kufa 1889, vingine 1823 na 1896. Alizaliwa katika Himaya ya Bokey, iliyoanza mwaka 1801 pale Tsar Paulo wa Kwanza wa Urusi alipoliruhusu kundi la Wakazaki chini ya Sultani Bokey lihamie kwenye malisho yaliyo kati ya mto Ural na mto Volga. Katika nchi hiyo ya mchanga na matete ndimo alimoishi, ndimo alimotangatanga na dombra yake, na kusini yake, kwenye delta ya Volga, ndiko alikofia. Hakuhama nchi. Mfugaji wa wakati ule alifuata majani na maji, akazikwa pale mauti yalipomkuta.

Mstari wa mpaka ulikuja baadaye. Wasovieti walipogawa jamhuri zao, delta ile ikabaki upande wa Urusi, na mwaka 1991 mpaka uliokuwa wa ndani ukageuka mpaka wa mataifa mawili. Leo Mkazaki anayetoka Almaty kwenda kumwombea dua Kurmangazy lazima avuke forodha. Wakati huohuo Wakazaki wa Altynzhar, ambao ni raia wa Urusi, wana kaburi hilo mlangoni kwao. Katika mkoa mzima wa Astrakhan, Wakazaki ndio kabila la pili kwa wingi baada ya Warusi.

Tazameni na hili. Kazakhstan ilipotoa fedha yake yenyewe kwa mara ya kwanza, mwezi Novemba 1993, noti ya tenge 5 ilibeba sura ya Kurmangazy. Taifa changa linatafuta nyuso za kuweka kwenye noti zake, linamchagua mpiga dombra ambaye kaburi lake liko nje ya mipaka yake. Hiyo peke yake ilitosha kuwa kipindi kizima! Mtazamaji wa Afrika Mashariki angeielewa mara moja, maana sisi nasi tuna Wamakonde, Wamasai, Wadigo na Wajaluo ambao mipaka iliwapitia katikati, wazee wamezikwa upande huu na wajukuu wanaishi upande wa pili. Ninyi mliifuta kwa kusema "hapa Kazakhstan".

2. Mmesema mwili wa Korkyt uko chini ya mnara wa saruji.

Mbele kidogo mnaonyesha mnara wenyewe wa Korkyt, ulioko karibu na Zhosaly katika mkoa wa Kyzylorda, si mbali na Baikonur, kituo cha kurushia roketi. Mnauita "kaburi jingine la kiongozi huyohuyo", na msimulizi anaongeza kwamba mifupa yake imehifadhiwa chini ya nguzo. Korkyt Ata ni mtu wa masimulizi, anayewekwa katika karne ya 8 au ya 9, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuchonga kobyz, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Kaburi la kale lililohesabiwa kuwa lake lilikuwa ukingoni mwa mto Syr Darya. Mto ukaula ukingo, kaburi likaenda na maji. Mnara unaoonekana leo ulijengwa mwaka 1980, kazi ya msanifu Bek Ibrayev pamoja na mwanafizikia wa sauti Sovet Isatayev. Ni mnara wa kumkumbuka, na wote wanaouzuru wanalijua hilo.

Na kwa nini hamkuusikiliza? Una nguzo nne zilizosimama kama kobyz nne zilizoegemeana, kila moja na upande wake wa dunia, na katikati zimetiwa bomba za chuma 40. Upepo wa nyika ukipita humo, mnara unavuma kwa sauti nzito yenye kukwaruza, karibu na sauti ya kobyz inapopigwa kwa upinde. Waliojenga walikusudia hivyo. Mmeupiga picha kutoka angani mkautilia juu muziki wa filamu, piano na ngoma kubwa. Mnara uliojengwa ili useme, ninyi mmeunyamazisha.

Masimulizi yenyewe mmeyapitia kwa sentensi moja, mkiyaita imani potofu. Wakazaki husimulia kwamba Korkyt alikataa kufa. Akapanda ngamia wake mwepesi, akakimbilia pembe zote za dunia, na kila alikofika akakuta watu wanachimba shimo. Akiuliza ni kaburi la nani, jibu ni lilelile: la Korkyt. Akarudi Syr Darya, akatandika zulia juu ya maji, akakaa akipiga kobyz usiku na mchana, na muda wote alipokuwa akipiga mauti hayakuweza kumsogelea. Siku usingizi ulipomshinda, nyoka akatokea akamgonga. Mtu anaweza asiamini hata neno moja la kisa hiki na bado akaona kwamba ndani yake mna fikra nzima ya Wakazaki kuhusu kazi ya muziki. Mwaka 2018 urithi wa Korkyt uliandikwa na UNESCO kwa ombi la pamoja la Kazakhstan, Uturuki na Azabajani. Haustahili kuitwa upuuzi kwenye runinga yetu.

3. Mmemwita Kurmangazy jambazi.

Baada ya kumkosesha kaburi lake, jina lake linatajwa baadaye kidogo, na linatajwa kwa nini? Kwa jela. Msimulizi anamtaja kama "jambazi maarufu wa farasi aliyejua pia kupiga gitaa". Kweli alifungwa, na kweli alitoroka. Alitunga hata kuy iitwayo Türmeden Qashqan, yaani aliyetoroka gerezani. (Kuy ni utungo wa ala tupu, hauna maneno ya kuimba, nalieleza hili kwa sababu mmemwita pia "mwimbaji".) Lakini mashtaka ya wakati ule yalitolewa na nani, na dhidi ya watu gani?

Kurmangazy alikua wakati Himaya ya Bokey inawaka moto. Mwaka 1836 Isatay Taimanuly na mshairi Makhambet Utemisuly waliongoza uasi dhidi ya Khan Zhangir, mtawala wa himaya hiyo, kwa sababu malisho yalikuwa yameshikwa na wakubwa na kodi imewaelemea wafugaji. Uasi ulivunjwa, Isatay akauawa mwaka 1838. Kuy ya Kurmangazy iitwayo Kishkentai hutajwa kuwa ni heshima yake kwa Isatay. Mtu wa namna hiyo, asiye na mali, anayekwenda kijiji kwa kijiji akipiga tungo ambazo wakubwa hawazipendi, angeitwaje na mahakama za wakubwa haohao? Sisemi alikuwa malaika. Nasema kwamba mtangazaji anayesoma hukumu ya mtawala bila kueleza utawala wenyewe amekuwa karani wa mahakama ile. Historia yetu ina watu chungu nzima walioandikwa wahalifu kwenye mafaili ya Wajerumani na Waingereza, na leo watoto wetu wanaimba majina yao.

Isitoshe, hata Mrusi wa zama zile aliona zaidi ya jela. Nikita Savichev alikutana na Kurmangazy, akamsikiliza, na mwaka 1868 akaandika gazetini kwa mshangao mkubwa juu ya kipaji chake. Afisa wa dola iliyomfunga alisikia alichokuwa nacho. Sisi, baada ya zaidi ya miaka 150, tunamtangaza kwa wizi wa farasi.

4. Sauti mliyoipa ala si sauti yake.

Hili ni fupi. Mnapozungumzia kobyz mnatusikilizisha dombra, na mnapofika kwa dombra mnasema "gitaa". Dombra hupigwa kwa vidole, mkono wa kulia ukipita nyuzi zote mbili kwa kasi. Huo ndio mtindo wa magharibi, uitwao tökpe, aliokuwa nao Kurmangazy, tofauti na shertpe ya mashariki inayodonoa polepole. Kobyz hupigwa kwa upinde. Huchongwa kwenye gogo moja, sehemu ya chini hufunikwa ngozi, nyuzi zake ni mafungu ya nywele za mkia wa farasi, na mpigaji hazibani juu ya ubao. Anazigusa hewani kwa kucha au ncha za vidole. Ndiyo ilikuwa ala ya baksy, waganga wa nyika, nao Wasovieti waliwaandama mpaka ala yenyewe ikakaribia kupotea. Kizazi cha wapigaji waliotoka kwa mpiga kobyz Ykylas Dukenuly ndicho kilichoiokoa. Kuichanganya na dombra ni kuificha hadithi hiyo.

Mkasema pia kwamba mtazamaji anasikia "Kurmangazy mwenyewe akipiga Saryarka", mojawapo ya kuy zake. Kurmangazy alikufa kabla karne ya 19 haijaisha, na hakuna santuri wala ukanda uliowahi kushika mkono wake. Mlichotusikilizisha ni okestra nzima, dombra kadhaa za ukubwa mbalimbali, na hata mtoto wa darasa la tano anayefungua masikio anaweza kuzihesabu. Okestra za namna hiyo zilianza kwa Akhmet Zhubanov mwaka 1934. Wapigaji hao wako hai au walikuwa hai juzi, na mwisho wa kipindi hamkumwandika hata mmoja wao. Mpiga picha wa angani ametajwa. Aliyeshona mavazi ya mtangazaji ametajwa.

5. Mmemzika Dina.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mnafunga kwa kusema kwamba Kurmangazy "aliondoka bila mrithi, na siri ya vidole vyake akaenda nayo kaburini". Ndugu Mkurugenzi, mrithi alikuwepo, na alikuwa mwanamke.

Dina Nurpeisova alizaliwa mwaka 1861 katika nyika zilezile za Bokey. Baba yake alipiga dombra, na binti akashika ala tangu mdogo. Alipokuwa na miaka tisa hivi Kurmangazy alipita kwao, akamsikia akipiga, na tangu hapo akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Hakumfundisha siku moja akaenda zake. Kwa miaka aliendelea kurejea, akampa kuy zake mkono kwa mkono, kwa namna ileile niliyofundishwa mimi Almaty, mwalimu na mwanafunzi wakitazamana. Kuy ya tökpe ina mpangilio wake: inaanza chini karibu na kichwa cha ala, inapanda katikati ya shingo, kisha inakwea mpaka kwenye saga, mahali shingo inapokutana na kitumbo cha dombra, ambapo sauti ni ya juu na mkono wa kulia unachemka, halafu inateremka kurudi nyumbani. Anayeisikia kwa mara ya kwanza anadhani ni kasi tu. Mwanafunzi wa Kurmangazy anajua wapi mwalimu alipumua, wapi aligeuza kiganja, wapi alizuia uzi kwa kidole gumba. Hayo yote yalikuwa ndani ya mikono ya Dina.

Miaka ikapita. Aliolewa, akafiwa, akalea, akaishi maisha magumu ya kijijini akiwa hajulikani nje ya wilaya yake. Mwaka 1937, akiwa na zaidi ya miaka 70, akaletwa Alma-Ata, jina la Almaty la wakati huo. Umri ambao wenzake walikuwa wakingoja kupelekewa chai, yeye alipanda jukwaani na dombra. Mwaka 1944 akapewa cheo cha Msanii wa Watu wa Kazakhstan ya Kisovieti. Akafariki 1955. Katika miaka hiyo kama 18 alipiga mbele ya vinasa sauti, alifundisha vijana, na kuy za Kurmangazy zikashuka kutoka mikononi mwake zikaingia kwenye santuri, kwenye noti na kwenye vidole vya vizazi vilivyomfuata. Alitunga na zake mwenyewe, kama Bulbul, ambayo mpigaji asiyekuwa na mkono imara huikwepa.

Kwa hiyo mkitaka kumsikia Kurmangazy kwa ukaribu kuliko wote, sikilizeni rekodi za Dina. Huyo ni mtu aliyekaa mbele yake. Kipindi chenu cha karibu saa nzima hakikumtaja hata kwa jina, na kikahitimisha kwamba muziki ulikufa. Mmewahi kuwaza kwa nini ilikuwa rahisi kumsahau yeye na si mwingine? Mimi nawaza, kwa sababu naona jambo hilohilo kwetu. Bibi anayejua nyimbo za unyago au msewe anaitwa kuburudisha wageni, lakini mwandishi akija, anaelekezwa kwa mwanamume aliyevaa koti. Chukulieni runinga ya ugenini ije Unguja, ionyeshe picha ya Bi Kidude na kusema huyu ni Siti binti Saad, kisha iseme Siti hakuacha mtu. Kituo chenu kingekuwa cha kwanza kulalamika, na kingekuwa na haki.

Leo Chuo cha Muziki cha Taifa kilichoko Almaty, kilichoanzishwa mwaka 1944, kina jina la Kurmangazy. Okestra ya Zhubanov ina jina lake. Kuy ya dombra imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, na tangu 2018 Kazakhstan ina siku rasmi ya dombra, Jumapili ya kwanza ya Julai, ambapo watu hukusanyika viwanjani kwa mamia kupiga kwa pamoja. Huo muziki uliokufa uko wapi?

Nimejaribu kuwaza mtakavyojibu, maana baadhi ya majibu nimeshayadokezwa kwenye simu.

Mtasema kipindi kilinunuliwa nje, ninyi mlitia sauti ya Kiswahili tu. Basi ni afadhali, kwa sababu sauti ndiyo yenye makosa. Mlinunua picha, maneno ni yenu, na chini yake kuna majina ya wahariri wenu. Na hata kama yalitafsiriwa yalivyo, anayetafsiri habari akairusha hewani kwa nembo yake amekubali kuisimamia.

Mtasema watazamaji wetu hawana habari na Kazakhstan, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Hapo ndipo nisipokubaliana nanyi kabisa. Mtazamaji anayeijua nchi hahitaji msaada wenu. Atacheka na kuzima. Asiyeijua ndiye anayewaamini, na ndiye aliyedanganywa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini nilimfundisha kwamba kobyz ina upinde wakati runinga imesema vingine. Nilimwonyesha ala, akaelewa. Wangapi hawana ala ya kuonyeshwa?

Mtasema muda wa hewani ni mdogo, Dina hakupata nafasi. Katika kipindi hicho mtangazaji ametumia muda mrefu akionja maziwa ya farasi na kukunja uso mbele ya kamera, huku mwenyeji mzee aliyemkaribisha akitabasamu kwa adabu. Dina angeingia hapo, na mzee yule angeweza kuulizwa jambo moja la maana kuhusu muziki wao.

Na mtasema kimeshapita, tugange yajayo. Hakijapita. Kipo kwenye chaneli yenu ya mtandaoni, kinatazamwa, na kimepangiwa marudio wakati wa likizo za shule.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafanyike haya:

Kwanza, kipindi kiondolewe mtandaoni na kwenye ratiba ya marudio hadi kitakaposahihishwa. Pili, yasomwe masahihisho hewani, saa ileile na siku ileile ya wiki kiliporushwa, yakisema bila kuzungusha: jengo lile ni kaburi la Kurmangazy, liko Altynzhar nchini Urusi, mnara wa Korkyt ni wa kumbukumbu na ulijengwa mwaka 1980, sauti iliyosikika si ya Kurmangazy, na neno "jambazi" mnaliondoa. Tatu, sehemu ya mwisho itengenezwe upya ili Dina Nurpeisova aonekane na asikike. Rekodi zake zipo. Nne, wapigaji wote ambao muziki wao mmeutumia watajwe kwa majina, na kama hamkuwa na ruhusa yao, iombwe. Tano, kabla ya kurusha kipindi kingine cha aina hii, mswada usomwe na mtu anayejua muziki unaozungumziwa. Wapo Waswahili waliosoma huko kabla yangu, wapo wahadhiri wa muziki kwenye vyuo vyetu vikuu, na ubalozi si wa kushindwa kupigiwa simu.

Mimi niko tayari kufanya kazi hiyo bila malipo. Nitasoma mswada, nitakuja studio na dombra yangu na kanda nilizonazo, nitakaa na msimulizi mpaka majina yamkae mdomoni. Kama mnaona mimi nimekuwa mkali mno kuweza kufanya kazi nanyi, nitawapa mtu mwingine.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likifika, nitalichapisha lote kama lilivyo, bila kukata hata neno, mahali palepale nilipochapisha barua hii. Nakala nimewapelekea walimu wa muziki ninaowafahamu, nikiwaomba wasitumie kipindi hicho darasani hadi mtakapokirekebisha.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa muziki,
Morogoro